Waliohesabiwa Msibani

Kila akinipigia simu, msimamizi wetu wa Dar es Salaam huanza na "Bwana asifiwe, mtumishi," na kabla sijamaliza kuitikia huwa ameshauliza, "Mko wangapi sasa?" Haulizi mvua, haulizi watoto wameamkaje. Mko wangapi. Ilifika mahali nikiona simu yake inaita natoka kwanza nje, nazunguka ua nikinung'unika, ndipo napokea kwa sauti ya upole ambayo mke wangu huiita sauti ya kuvalia tai.

Swali lenyewe si baya. Mimi ni mchungaji, na mchungaji anapaswa kuwajua watu wake. Kilichonichanganya ni kwamba hapa Unguja sikuwa na jibu la kumpa, na kila jibu nililojaribu kulitunga lilinivunjikia mdomoni.

Kanisa letu lilikuwa Kikwajuni, kwenye ukumbi wa kupanga ambao zamani ulikuwa ghala la magodoro. Waumini wengi walikuwa watu wa Bara kama mimi, waliokuja kufanya kazi kwenye mahoteli ya Kiwengwa: wapishi, walinzi, wafuaji nguo, wasafisha vyumba. Wageni wakijaa hotelini, Jumapili ni siku ya kazi kama siku nyingine, tena nzito zaidi, na hakuna anayeruhusiwa kutoka. Masika yakiingia, wageni hupungua, hoteli hupunguza watu, na waumini wangu hupanda boti kurudi makwao. Nimeligeuza jambo hili kila upande na sijauona mwezi ambao kanisa langu lina watu. Msimu wa wageni wapo kisiwani lakini kanisani hawapo. Msimu wa mvua hata kisiwani hawapo.

Waliokalia viti kila Jumapili walikuwa familia chache za mjini, mke wangu na watoto wetu, na bibi mmoja fundi cherehani aliyekaa safu ya mbele kwa kuwa masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka. Viti vingine vilikuwa vyeupe vya plastiki, na kiti cheupe cha plastiki kisicho na mtu kinaonekana kutoka mbali sana. Nilihubiri nikivitazama hivyo.

Basi Jumanne nikawa nakwenda mwenyewe Kiwengwa. Zamu ya chakula cha mchana ikiisha, waumini walikusanyika nyuma ya chumba cha kufulia, kwenye mabenchi ya wafanyakazi, mashine zikinguruma ukutani. Siku ya kwanza niliandaa mahubiri juu ya Musa na kile kichaka kilichowaka moto. Sijafika kwenye kichaka, mpishi mmoja akaanza kukoroma. Akafuata mlinzi. Wakafuata wasafisha vyumba wawili, wameegemeana vichwa. Nilipandisha sauti, haikusaidia. Nikashusha sauti, nikanyamaza kabisa, nikakaa nao. Walikuwa wameamka kabla ya alfajiri, na pale ndipo mahali pekee ambapo bosi asingewakuta. Mmoja alifumbua macho, akasema "Amina," akalala tena.

Zamu ya jioni ilipokaribia niliwaamsha mmoja mmoja. Wakanishukuru kwa ibada nzuri. Nilirudi mjini nikiwa sielewi kama nimefanya kazi au nimelinda usingizi wa watu, na msimamizi alipopiga simu na kuuliza Kiwengwa nilikuwa na wangapi, nikamjibu kwamba walikuwepo wengi na walitulia sana.

Katika nyumba inayotazamana na ukumbi wetu alikaa bibi mmoja wa asili ya Kiarabu, mjane, pamoja na kaka yake mkubwa. Yule kaka macho yalikuwa yamepungua nguvu, akawa anashinda barazani na redio yake. Hapa mtaani kiongozi yeyote wa Kikristo ni padri. Mwanzoni nilijaribu kueleza kwamba mimi si padri, nina mke na watoto. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mungu akukuzie, padri," nami nikaacha kubishana.

Kila Jumapili mchana alinisubiri nifunge mlango.

"Padri, leo umewapata?"

"Shikamoo, mzee. Sikuwapata."

"Marahaba. Basi usivunjike moyo. Na sie leo alfajiri msikitini tulikuwa safu moja, tena haikutimia. Imamu kageuka kututizama, kageuka tena kusali."

Alikuwa akicheka mpaka anakohoa. Nilimwonea wivu, maana yeye hakuwa na mtu wa Dar es Salaam wa kumpigia simu.

Kabla ya masika ya mwaka ule msimamizi alinieleza jambo bila kuzunguka. Makao makuu ndiyo yaliyokuwa yakilipa pango la ukumbi, na wazee wa huko walikuwa wamechoka kusikia maelezo yangu ya msimu wa wageni na msimu wa mvua. Angekuja mwenyewe Jumapili moja aone kwa macho yake. Akikuta viti vitupu, kanisa litafungwa, waumini watapelekwa kwenye kanisa kubwa zaidi mjini, nami nitahamishiwa Dar es Salaam, pembezoni, kumsaidia mwenzangu ambaye ukumbi wake unajaa hadi watu wanasimama. Aliyasema kwa upole. Si mtu mbaya, na ndilo lililonitesa zaidi, kwani mtu mbaya ningeweza kumkasirikia nikapata usingizi.

"Sasa anakuja masika," mke wangu alisema. "Watu wote wako kwao. Atamhesabu nani?"

"Atakuhesabu wewe."

"Basi nitakaa viti viwili."

Tulicheka, lakini baadaye nilimkuta amekaa jikoni ameshika mwiko tu, hakorogi kitu. Alikuwa ameanza kwaya ndogo ya wanawake, na Unguja alikuwa ameizoea kuliko mimi. Nilitaka kumwambia kwamba mambo yatakuwa sawa. Sikuwa na hakika mambo sawa maana yake nini. Nilipoitwa kwenye kazi hii nikiwa kijana kule Njombe, niliona akilini ukumbi mkubwa, spika nne, watu wakilia kwa furaha. Sikuona mabenchi ya nyuma ya chumba cha kufulia.

Alhamisi kabla ya Jumapili hiyo, yule bibi fundi cherehani akafariki.

Wazazi wake walitoka Bara zamani, yeye akazaliwa hapahapa Unguja na kuzeekea hapahapa. Alishona sare za skuli za watoto wa mtaa mzima, na kanzu ndogo na mashungi ya kichwani ya watoto wa chuo cha Kurani pia. Tena hakukosa msiba. Jumapili nyingine, katikati ya mahubiri yangu, alikuwa akiinuka taratibu kwa kuwa amesikia kuna mtu kafariki mtaa wa pili. "Nnarudi sasa hivi, baba," ananiambia mbele ya watu, nasi tukamwona tena Jumapili inayofuata. Mimi nilibaki na safu ya mbele tupu.

Sasa mtaa wote ukaja kwa ajili yake; msiba tuliuweka kwetu, ubavuni mwa ukumbi, kwa kuwa aliishi peke yake. Mchana haujaisha, kichochoro kilikuwa kimetandikwa mikeka, wanaume nje, wanawake uani kwetu, na yule bibi jirani ameshika usukani wa jikoni kana kwamba nyumba ni yake. Masufuria yalitoka sijui wapi. Mke wangu alijaribu kusaidia akaambiwa akae chini, yeye ni mfiwa.

Ijumaa wakaanza kunitazama kwa mashaka. Wamezoea mtu akifa asubuhi azikwe kabla jua halijazama.

"Padri," bibi aliniita pembeni, "mnangoja nini? Mtu keshafariki tokea jana."

Nikamweleza kwamba marehemu ana binti mmoja tu, yuko Tabora, anakuja kwa basi halafu kwa boti, na kwetu si vizuri kumzika mama mtu bila mwanawe. Mwili uko mochwari, tutazika Jumapili.

Alifikiri kidogo. "Masikini. Ametoka mbali. Haya, tutamngoja na sie."

Wakangoja kweli. Walikwenda msikitini wakarudi, walikwenda kazini wakarudi, mikeka haikukunjwa. Mimi nilikuwa na msiba mkononi na msimamizi njiani, na sikujua nilie kwa lipi kwanza.

Jumapili nilimpokea bandarini. Mvua ilikuwa ya kumwagwa kwa ndoo. Nilimweleza njiani kwamba tuna mazishi. Alisikitika kwa dhati, akasema atahubiri yeye nipumzike. Tulipofika, turubai la kichochoroni lilikuwa limejaa maji mpaka limebonyea katikati, na mara likaachia, wanaume wote waliokuwa chini yake wakarowa. Nikafungua milango yote ya ukumbi.

"Karibuni ndani, jamani."

Walisitasita. Walitazama msalaba mdogo wa mbao ukutani, wakatazamana. Yule mzee wa redio akashikwa mkono, akavuka kizingiti wa kwanza. "Ingieni, bwana. Tutarowa hapa kwa ajili ya nini?"

Wakaingia. Wanawake wakaja kutoka uani, bibi akapewa kiti cha mbele kabisa, palepale pa marehemu. Kwa mara ya kwanza tangu nilipofika kisiwani, ukumbi wangu ulijaa. Viti vyeupe havikuonekana. Nilisimama kando nikitazama kofia na mitandio mpaka ukutani, na jeneza katikati, na mpaka leo sijui kama nilitaka kucheka au kulia.

Msimamizi alihubiri vizuri, nampa haki yake. Alizungumza juu ya mwanamke aliyewavisha watoto wa wenzake, na watu walitikisa vichwa. Kisha akafumba macho akaomba, kwa sauti nzito, sala ndefu ya kumkabidhi marehemu kwa Mungu.

Sasa, watu wa Unguja wakisikia mtu anamwomba Mungu juu ya maiti, hawakai mikono imelala mapajani. Wanaiinua, viganja wazi, mbele ya kifua, wengine hadi usawa wa uso, na kila sentensi ikikamilika wanaitikia "Amin." Ndiyo dua. Hata mtoto mdogo anafanya hivyo. Waliinua wote. Bibi wa mbele aliinua juu kuliko wote, machozi yakimtiririka, maana aliyelala pale alikuwa shoga yake tangu usichana.

Katika makanisa yetu, mgeni akiinua mikono wakati wa sala maana yake ni nyingine. Ameamua kumpokea Yesu. Mimi mwenyewe niliinua mkono namna hiyo kwenye mkutano wa hadhara kule kwetu, nikalia, na maisha yangu yakabadilika. Na msimamizi, kama mimi, amelelewa humo. Alipofumbua macho akakuta ukumbi mzima umeinua mikono, niliona uso wake ukibadilika. Nilidhani ameguswa na msiba. Alitoa simu mfukoni, akaishika mbele yake kidogo, akairudisha. Nilidhani anaangalia saa ya boti.

Halafu tukatoka kuzika. Sisi tumezoea kwenda na jeneza polepole, kwaya ikiimba. Wanaume wa mtaa walilidaka jeneza mabegani na kuondoka nalo mbiombio, kila mmoja akigombea thawabu ya kubeba, wanapokezana bila kusimama. Kwaya ya mke wangu ilibaki nyuma inakimbia na mwavuli, na jeneza lilifika kwenye gari barabarani wao wakiwa bado ubeti wa kwanza. Binti wa marehemu, aliyekuwa amefika asubuhi ile na uchovu wote wa njia, alicheka katikati ya kilio. Alisema mamake hajawahi kuharakishwa hivyo maishani.

Alasiri nilimsindikiza msimamizi bandarini. Alinikumbatia kwa nguvu.

"Mtumishi, kumbe ulikuwa unanificha."

"Nimekuficha nini, baba?"

"Unyenyekevu wako huo," akasema, akaingia kwenye boti akinipungia mkono kama anayekwenda arusini. Nikarudi nyumbani nikilitafuna neno lile, nisipate ladha yake.

Nilipofika, mke wangu alikuwa uani na simu mkononi, uso umemshuka. Kwenye kundi la WhatsApp la wachungaji wetu wa nchi nzima kulikuwa na picha: ukumbi umejaa, mikono imeinuka, bibi jirani mbele kabisa, kila mkunjo wa uso wake unaonekana. Jeneza halikuingia kwenye picha. Chini yake msimamizi ameandika kwamba Zanzibar imeitikia, ukumbi umefurika, mikono imeinuliwa, mavuno yameanza.

"Huyu si bibi?" mke wangu aliuliza, ingawa alimwona vizuri.

Pongezi zilikuwa zinamiminika. Wachungaji ambao hawakuwahi kunisalimia waliniita jenerali. Mmoja aliniomba nije kwenye mkutano wa wachungaji nieleze siri. Na msimamizi mwenyewe alikuwa amenitumia ujumbe pembeni: nisiwe na wasiwasi na ukumbi, tena spika zinakuja.

Nilifurahi, na sioni sababu ya kulizungushia maneno. Furaha ilinipanda kichwani kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, hata huku nikijua ni ya uongo. Niliyasoma majina yale mara mbili. Halafu nikaitazama tena mikono ya bibi.

Nilimpigia msimamizi palepale. Simu haikupatikana, labda alikuwa bado baharini. Na picha haikungoja. Kila mchungaji ana kundi lake, na kila kundi lina mtu mwenye ndugu Unguja.

Kesho yake asubuhi nilitoka, bibi alikuwa anafagia mbele ya mlango wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Ikaishia hapo. Anayejua salamu za hapa atanielewa. Marahaba ya bibi kwa kawaida ilikuja na umeamkaje, na mkeo, na watoto, na yule mdogo kifua chake, na kwenu Bara wazima, mpaka unaanza kuchelewa unakokwenda. Siku ile aliinama akaendelea kufagia pahala ambapo pameshafagiliwa. Barazani redio ilikuwa imezimwa. Mzee alikaa akitazama ukuta asiouona.

Nilisimama pale sijui niende mbele au nyuma. Mwishowe nikavua viatu, nikaomba ruhusa ya kuingia.

Bibi hakunipa chai. Alikaa kwenye kitanda cha ukumbini kwake, akanionyesha mkeka.

"Mjukuu wa mtu kanionesha," alisema. "Na kaka yangu kaulizwa msikitini, mbele ya watu. Ati dada yako kabadili dini? Mtu mzima yule, haoni, anaulizwa maneno kama hayo."

"Bibi, si mimi niliyepeleka."

"Nnajua si wewe. Wewe n'nakujua." Akaifunua mikono yake, akaitazama, kisha akanielekezea. "Mie niliinua hii kumuombea shoga yangu. Nilikuwa n'namuombea yeye, pale, mbele yenu. Nyinyi mmeifanya nini mikono yangu?"

Nikavitazama viganja vyake. Nimesomea chuo cha Biblia, nimefundishwa kumjibu kila mtu, na somo la mikono ile halikuwemo.

"Na kesho akifa mwengine kwenu," akaendelea taratibu, "sie tutakuja vipi? Niambie wewe. Tuje na mikono mifukoni?"

Hilo ndilo lililonikata maini. Sisi ni wachache hapa. Mtu wetu akifa, hatuna hata mabega ya kutosha jeneza. Niliona kichochoro bila mikeka, mimi na mke wangu na watoto tukihangaika na sanduku la mbao kwenye mvua.

Msimamizi alipatikana mchana. Nilimweleza yote, dua ni nini, mikono ile ilikuwa ya nini. Nilimsikia akivuta kiti.

"Lakini, mtumishi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyenyang'anywa kitu, "mimi nilimsikia Mungu pale ndani."

"Labda alikuwepo, baba. Sikatai."

"Basi iache. Watu wametiwa moyo nchi nzima. Unajua wangapi walikuwa wanataka kuacha huduma? Na wewe ukumbi wako umepona."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kuliko siku zote. Hakuwa anasema uongo. Alikuwa ameona kitu kikubwa, nami pia nilikiona, ila mimi nilijua jina lake jingine. Na nikilisema jina hilo, mke wangu atapoteza kwaya yake, na wale wa Kiwengwa watarudi mwisho wa mvua wakute mlango umefungwa. Nilimwomba afute. Akasema atafikiri. Nikamwambia nitaandika mwenyewe kundini. Akanijibu kwa huzuni, "Ukiandika, unajua maana yake." Nikasema najua.

Mke wangu nilimkuta anaanika kanga. Nilimweleza, nikitumaini atanizuia, au atanisukuma, mradi jambo liwe lake na si langu.

"Unaniuliza mimi?" akasema. "Mimi ndiye nitakayekutana na bibi bombani kila siku."

Nikakaa kizingitini nikaandika. Wapendwa, watu mnaowaona pichani ni majirani zetu Waislamu, waliokuja kumzika mwenzao. Mikono waliyoinua ni ya dua. Hakuna aliyebadili dini. Waumini wetu ni wachache, na wakati huu wengi wako makwao. Naomba kila aliyeipokea picha hii aifute, na alikoipeleka awaambie. Nikabonyeza kabla moyo haujanigeuka.

Kundi lililokuwa likipiga kelele tangu jana likawa kimya. Baadaye mtu mmoja akaweka kijipicha cha ua. Mpaka leo sijajua ua lile lilikuwa la pongezi au la rambirambi.

Msimamizi aliifuta picha, na kwa hilo namshukuru. Uamuzi wa ukumbi ulikuja kama alivyosema. Mwisho wa mvua tutakabidhi funguo, nami nisubiri barua ya uhamisho. Nilikwenda kwa bibi na simu, nikamsomea niliyoyaandika, yeye na kaka yake. Mzee ndiye aliyesema, taratibu, uso umekunjika kama anayezuia kitu.

"Sasa wewe padri gani? Watu unawapunguza kwa mkono wako mwenyewe?"

Akaanza kucheka, akakohoa, akapapasa redio akaiwasha. Kesho yake marahaba ya bibi ilinichelewesha sokoni.

Ningependa kusema kwamba tangu hapo nilikuwa na amani. Sikuwa nayo. Ukumbi sasa unauza vipuri vya pikipiki, na barua yangu ya uhamisho bado haijafika. Msafisha vyumba mmoja alinipigia simu kutoka kwao Singida kuuliza wakirudi msimu watasali wapi, nikamwambia kuna kanisa kubwa mjini, na alilia, maana kule hakuna anayemjua. Jumanne bado nakwenda Kiwengwa, waliorejea mapema wananisinzilia palepale nyuma ya mashine. Msimamizi ananipigia mara chache, na siku hizi anaanza na watoto. Kisha anasita. Nahisi swali lile limemfika mdomoni, naye hajui aliulize la nani.

Wiki iliyopita yule mzee wa redio alifariki, asubuhi, na adhuhuri haijafika kichochoro kilikuwa kimejaa. Nilivaa kanzu aliyonishonea fundi wetu marehemu, ambayo sikuwahi kuivaa, nikavuka. Nilitaka kusimama nyuma, pembeni, mtu nisiye na kazi. Nilikuwa natafuta pa kuvulia viatu niliposikia sauti ya mtu nisiyemjua, kutoka katikati ya mikeka.

"Jisogezeni huko. Mpisheni padri wetu akae."

Wakajisogeza. Nikakaa katikati yao, goti kwa goti, mchungaji asiye na kanisa, nikijiuliza kwa kichwa kilichovurugika ni wetu wa nani. Imamu akaanza dua. Nilikuwa nimekusudia kuinamisha kichwa tu, kama tulivyofundishwa, lakini nilikuwa nikimfikiria mzee na safu yake moja ya alfajiri isiyotimia, na nilipotazama chini nikaona mikono yangu imeshainuka, viganja wazi, pamoja na ya wengine. Hakuna aliyepiga picha.